Rachel Carson: Bibi aliyeipeleleza DDT

Katika majira ya baridi kali ya mwaka 1950 kuamkia 1951, wakati vita vya Korea vilipokuwa vimepamba moto, madaktari wa kijeshi walikumbana na jambo wasilolitazamia. Askari wa Korea walikuwa wamejaa chawa, na chawa, kama ajuavyo kila aliyepata kulala handakini siku nyingi bila kubadili nguo, huweza kuleta tifasi, homa ambayo katika vita vingi vya zamani iliua askari wengi kuliko risasi. Askari hao walipewa unga wa DDT wajipake. Unga huo ulikuwa na sifa kubwa. Miaka saba tu iliyotangulia, katika mji wa Naples nchini Italia, watu zaidi ya milioni moja walinyunyiziwa unga huo chini ya usimamizi wa majeshi ya Marekani na Uingereza, na tifasi iliyokuwa imeanza kuenea mjini ikakomeshwa katikati ya baridi, jambo lisilopata kuonekana kabla ya hapo. Lakini safari hii, huko Korea, chawa hawakufa. Kwa baadhi ya askari, walizidi kuongezeka.

Habari hiyo ilibaki katika majarida ya wataalamu, ambayo watu wa kawaida hawayasomi. Aliyeitoa humo, akaiweka pamoja na mamia ya habari nyingine za aina yake na kuisimulia kwa lugha ambayo kila raia angeweza kuielewa, alikuwa ni mwanamke mmoja mpole, aliyepata kuwa mtumishi wa serikali, ambaye hakuwa na shahada ya udaktari wala chama nyuma yake. Jina lake ni Rachel Carson.

Rachel Louise Carson alizaliwa tarehe 27 Mei, 1907, katika mji mdogo wa Springdale, jimbo la Pennsylvania, kando ya mto Allegheny, si mbali na viwanda vya chuma vya Pittsburgh. Alikuwa kitinda mimba wa watoto watatu. Baba yake alikuwa na shamba la ekari zipatazo 65, lakini mali ilikuwa haba. Mama yake, aliyekuwa mwalimu kabla ya kuolewa, ndiye aliyemchukua mtoto huyo kondeni na msituni, akamfundisha majina ya ndege na ya wadudu. Kaka yake alijiunga na kikosi cha anga cha jeshi la Marekani katika Vita Kuu ya Kwanza, na kutokana na barua aliyoiandikia familia juu ya rubani mmoja shujaa, Rachel alitunga hadithi yake ya kwanza. Ilichapishwa mwaka 1918 katika jarida la watoto, naye alikuwa na umri wa miaka 11. Hivyo, mwandishi ambaye baadaye angejulikana kwa habari za bahari na za ndege wa porini, alianza kazi yake kwa hadithi ya askari.

Mwaka 1925 aliingia chuo cha wanawake mjini Pittsburgh akikusudia kusomea uandishi. Huko alikutana na mwalimu wa elimu ya viumbe, Bibi Mary Scott Skinker, ambaye masomo yake yalimvuta mno hata akabadili njia. Wengi walimwonya kwamba elimu hiyo haikuwa na nafasi kwa mwanamke, nao hawakuwa waongo, maana kazi zenyewe zilikuwa chache na walioajiriwa takriban wote walikuwa wanaume. Alihitimu kwa heshima mwaka 1929, na katika kiangazi cha mwaka huo alikwenda kufanya uchunguzi katika kituo cha elimu ya viumbe vya baharini huko Woods Hole, jimbo la Massachusetts. Alikuwa na umri wa miaka 22, na hiyo ndiyo mara yake ya kwanza kuiona bahari.

Alipata shahada ya pili katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins mwaka 1932, baada ya kuchunguza jinsi figo za kambare zinavyoanza kuumbika tangu samaki akiwa ndani ya yai. Alitaka kuendelea mpaka udaktari, lakini hizo zilikuwa nyakati za mdororo mkuu wa uchumi, na nyumba nzima ilikuwa ikimtegemea yeye. Mwaka 1934 aliacha masomo. Mwaka uliofuata baba yake akafariki. Mwanzoni mwa mwaka 1937 dada yake akafariki pia, akiacha watoto wawili wa kike, na mzigo wa kuwalea ukawa wa Rachel na mama yake. Hapana budi msomaji alikumbuke jambo hili, kwa sababu watu waliokuja kumtukana baadaye kwamba ni mwanamke asiye na mume wala mtoto, na kwa hiyo hayamhusu mambo ya vizazi vijavyo, ama hawakuijua nyumba yake au walijifanya hawaijui.

Kilichomwokoa ni kibarua. Idara ya Uvuvi ya Marekani ilikuwa ikitafuta mtu wa kuandika vipindi vifupi vya redio juu ya viumbe vya majini, vipindi 52 vya dakika saba saba, na waliojaribu kabla yake walikuwa wameshindwa: wataalamu hawakujua kuandika, na waandishi hawakuijua bahari. Bibi Carson aliyajua yote mawili. Kisha akafanya mtihani wa kuingia utumishi wa serikali, akawashinda wote, na mwaka 1936 akaajiriwa. Alikuwa mwanamke wa pili kupewa kazi ya kitaalamu katika idara hiyo.

Alitumika serikalini kwa miaka ipatayo 16. Mchana alihariri taarifa za wataalamu, usiku aliandika vitabu vyake mwenyewe. Kitabu cha kwanza, Under the Sea-Wind, kinachosimulia maisha ya ndege wa pwani, samaki na mkunga wa baharini, kilitoka Novemba 1941. Majuma machache baadaye Wajapani wakaishambulia Pearl Harbor, Marekani ikaingia vitani, na hapakuwa na mtu wa kununua kitabu cha mkunga. Hazikuuzwa hata nakala 2,000. Wakati wa vita nyama ilipopungua, Bibi Carson aliandika vijitabu vya serikali vya kuwahimiza raia wale aina za samaki ambazo hawakuzizoea. Kazi ya namna hiyo haimletei mtu sifa, lakini ilimfundisha kusema jambo la kitaalamu kwa maneno ambayo mama wa nyumbani angeyafuata hadi jikoni.

Vita vilipokwisha, maarifa mengi juu ya vilindi vya bahari, yaliyokusanywa kwa ajili ya manowari na nyambizi, yalianza kutoka katika majalada ya siri. Bibi Carson aliyasoma yote aliyoyapata. Mwaka 1949 alisafiri kwa siku kumi katika meli ya uchunguzi, Albatross III, na kwa kuwa haikuwa desturi kumpakia mwanamke peke yake miongoni mwa mabaharia, ilimbidi aende na mwanamke mwenzake ndipo akubaliwe. Matunda yake yalikuwa kitabu The Sea Around Us, kilichotoka mwaka 1951, kikakaa majuma 86 katika orodha ya vitabu vinavyouzwa zaidi na kupewa tuzo kuu ya vitabu ya taifa mwaka 1952. Mwaka huo huo aliacha kazi ya serikali. Alijenga nyumba ndogo kando ya bahari katika kisiwa cha Southport, jimbo la Maine, akatoa kitabu kingine juu ya ufuko mwaka 1955. Kama angeishia hapo, leo angekumbukwa kama mwandishi mzuri wa mambo ya bahari.

Sasa turudi kwenye DDT. Dawa hiyo ilitengenezwa kwanza mwaka 1874, lakini hakuna aliyejua kwamba huua wadudu mpaka mwaka 1939, ilipogunduliwa na mtaalamu wa Uswisi, Paul Müller, ambaye mwaka 1948 alipewa tuzo ya Nobel kwa ajili hiyo. Wala hakuipata kwa upendeleo. Askari waliopigana katika nchi zenye malaria na raia walionusurika na tifasi walikuwa na haki ya kuishukuru dawa hiyo. Vita vilipomalizika viwanda vilibaki na uwezo wa kutengeneza dawa nyingi kuliko mahitaji ya jeshi, basi ikapelekwa mashambani, bustanini, misituni na majumbani, pamoja na nyingine kali zaidi yake, kama vile dieldrin na heptachlor.

Julai 1945, idara ya Bibi Carson ilipokuwa ikiipima DDT huko Maryland ili kujua inawafanya nini ndege na samaki, yeye aliliandikia jarida moja kubwa akitaka kulitungia makala juu ya jambo hilo. Jarida likakataa. Akaliacha, akarudi baharini. Miaka 13 ilipita. Januari 1958 rafiki yake mmoja wa Massachusetts, aliyekuwa na hifadhi ndogo ya ndege, alimpelekea nakala ya barua aliyoliandikia gazeti, akilalamika kwamba eropleni ya serikali ya jimbo ilipita juu ya kiwanja chake kunyunyizia mbu, na baada ya hapo ndege walianguka na kufa mbele ya macho yake. Mwaka uliotangulia, 1957, eropleni zilikuwa zimenyunyiza DDT juu ya ekari zipatazo milioni 3 katika majimbo kadhaa, ili kumwangamiza nondo mmoja alaye majani ya miti. Zilipita juu ya misitu, na pia juu ya malisho, mabwawa, bustani za mboga na watu waliosimama nje ya nyumba zao. Raia wa Long Island walikwenda mahakamani, wakashindwa.

Bibi Carson alikusudia kuandika makala fupi. Ilimchukua miaka minne, na ikawa kitabu.

Namna alivyofanya kazi hiyo ingemfaa mpelelezi yeyote. Hakutegemea uvumi. Aliandikia wataalamu wa Marekani na Ulaya mmoja mmoja, akaomba taarifa zao, akalinganisha ya huyu na ya yule, na sura zilipokamilika aliwapelekea wenye ujuzi wa jambo lenyewe wazikague. Wengine walikuwa watumishi wa serikali waliompa habari wakihofia kazi zao. Orodha ya ushahidi iliyowekwa mwishoni mwa kitabu ilijaza kurasa 55.

Tuchukue mfano mmoja tu, wa ziwa liitwalo Clear Lake, jimbo la California. Hapo palikuwa na visubi wasiouma, lakini waliowaudhi wavuvi na wenye nyumba za kando. Mwaka 1949 ziwa lilitiwa DDD, ambayo ni ndugu wa karibu wa DDT, kwa kipimo kidogo mno: sehemu moja ya dawa kwa sehemu milioni 70 za maji. Visubi wakatoweka, kisha wakarudi. Ikatiwa tena mwaka 1954, na tena mwaka 1957. Ndege wa majini aina ya kibisi wakaanza kufa kwa mamia. Walipopasuliwa hawakuwa na ugonjwa wowote, mpaka mtu mmoja alipofikiria kuyapima mafuta ya miili yao, yakakutwa na sumu kiasi cha sehemu 1,600 kwa milioni. Ndani ya maji kulikuwa na sehemu mbili tu kwa milioni 100. Sumu hiyo haiyeyuki majini bali hukaa katika mafuta ya mwili. Viumbe vidogo vieleavyo huivuta, samaki mdogo hula viumbe hivyo kwa maelfu, samaki mkubwa humla mdogo, na ndege humla samaki. Kila anayekula hurithi sumu ya wote aliowala. Jozi zaidi ya elfu moja za kibisi zilizokuwa zikitaga ziwani hapo zilibaki 30 hivi. Hali kadhalika katika miji ya Michigan, ambako miti ya barabarani ilinyunyiziwa DDT: majani yalianguka, nyungunyungu wakayala, na ndege aitwaye robin akawala nyungunyungu. Nyungunyungu wakubwa 11 walitosha kumuua, na ndege huyo aweza kula idadi hiyo kwa dakika chache.

Lakini sehemu ambayo kwa maoni yangu ingestahili kusomwa zaidi kambini ni ile ihusuyo usugu wa wadudu, na ndiyo ambayo wapinzani wake waliitaja kwa nadra. Dawa inaponyunyizwa huwaua wadudu dhaifu. Wachache ambao kwa maumbile yao hawadhuriki hubakia, huzaana, na baada ya vizazi kadhaa jeshi zima la wadudu huwa la hao wasiodhurika. Kadiri dawa inavyomwagwa ovyo mashambani, ndivyo mbu walioko huko wanavyoteuliwa kuwa sugu, na siku itakapohitajika kumlinda mtu na malaria, silaha itakuwa imekwisha makali. Bibi Carson alionyesha kwamba aina za mbu wa malaria waliokuwa sugu zilikuwa 5 tu mwaka 1956, na kufikia mwaka 1960 zilikuwa 28. Hapo ndipo chawa wa Korea walipoingia katika ushahidi wake.

Hakuandika kwamba dawa zote zipigwe marufuku. Alipinga kuzimwaga bila kujua zinafanya nini, na kuwapa watu wasio na habari. Hata hivyo si haki kuficha upungufu wake: mamilioni ya watu waliookolewa na DDT hawakupewa nafasi kubwa kitabuni, na msomaji aliyeishi penye malaria angeweza kuona kwamba mwandishi aliwatazama zaidi ndege wa kwao.

Kitabu, Silent Spring, yaani majira ya kuchipua yasiyo na sauti ya ndege, kilianza kutolewa kwa sehemu katika jarida la New Yorker Juni 1962, kisha kikatoka kamili tarehe 27 Septemba. Viwanda vya dawa havikukaa kimya. Kampuni ya Velsicol, iliyotengeneza heptachlor, ilimwandikia mchapishaji ikimtisha kwa mashtaka na kudokeza kwamba wanaozishambulia dawa wanataka chakula cha Marekani kipungue kiwe kama cha nchi za Ulaya ya mashariki. Wengine walisema hana shahada ya udaktari, wengine kwamba ni mwanamke mwenye hisia nyingi. Mchapishaji hakurudi nyuma. Rais Kennedy aliulizwa juu ya jambo hilo mbele ya waandishi wa habari Agosti 1962, akajibu kwamba serikali inalichunguza. Na kamati ya washauri wake wa sayansi, katika taarifa ya tarehe 15 Mei, 1963, iliyathibitisha mengi aliyoyasema.

Walichokuwa hawakijui wapinzani wake ni kwamba walikuwa wakipigana na mtu anayekufa. Aprili 1960, kitabu kikiwa hakijafika mwisho, Bibi Carson alikatwa titi kwa ajili ya saratani, na kabla ya mwaka kwisha akajua kwamba ugonjwa umeenea. Alikuwa amempoteza mama yake Desemba 1958. Nyumbani alikuwa na mvulana mdogo, mjukuu wa dada yake, aliyemchukua kuwa mwanawe mwaka 1957 mama wa mtoto huyo alipofariki. Aliandika sura nyingine akiwa kitandani, macho yakimuuma, mwili umechomwa na mionzi ya matibabu. Aliwaamuru wachache waliojua wanyamaze, kwa kuwa katika kitabu aliandika juu ya dawa na saratani, na hakutaka mtu aseme kwamba analipiza kisasi cha ugonjwa wake. Aprili 1963 mamilioni ya watu walimwona katika televisheni akieleza hoja zake kwa utulivu, baada ya makampuni matatu kati ya matano yaliyogharimia kipindi hicho kujitoa. Tarehe 4 Juni alitoa ushahidi mbele ya kamati ya Baraza la Senate. Alitaka unyunyizaji wa eropleni udhibitiwe, na raia awe na haki ya kulindwa nyumbani kwake dhidi ya sumu inayomwagwa na watu wengine. Waliomsikiliza hawakujua kwamba maumivu yalikuwa yamemfanya ashindwe hata kutembea sawasawa.

Alifariki dunia tarehe 14 Aprili, 1964, nyumbani kwake Silver Spring, Maryland, akiwa na umri wa miaka 56.

Mwaka 1970 Marekani iliunda idara ya kulinda mazingira, na mwaka 1972 idara hiyo ikapiga marufuku takriban matumizi yote ya DDT mashambani, huku ikiacha mlango wazi kwa ajili ya afya ya watu. Tai mwenye kichwa cheupe, aliye katika nembo ya nchi hiyo, alikuwa amebakia jozi zipatazo 417 mwaka 1963 katika majimbo yote ukiondoa Alaska. Mwaka 2007 aliondolewa katika orodha ya viumbe walio hatarini. Rais Carter alimtunukia marehemu nishani ya juu kabisa ya raia mwaka 1980.

Wako wanaodai hadi leo kwamba bibi huyo aliua mamilioni ya Waafrika kwa kuwanyima DDT. Madai hayo hayasimami mbele ya tarehe. Marufuku ya 1972 yalihusu Marekani, miaka minane baada ya kifo chake. Kampeni ya dunia ya kuifuta malaria, iliyoanzishwa mwaka 1955, ilisimamishwa mwaka 1969, na usugu wa mbu ulikuwa miongoni mwa sababu. Huku kwetu Afrika Mashariki, Pare na Taveta, mpakani mwa Tanganyika na Kenya, nyumba zilinyunyiziwa dieldrin katika miaka ya 1950, na malaria ikapungua sana kwa muda. Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001, uzuiao sumu zinazodumu, haukuikataza DDT dhidi ya mbu. Uliiruhusu, kwa masharti ya Shirika la Afya Duniani, ambalo mwaka 2006 liliunga mkono tena kuinyunyiza kwenye kuta za ndani.

Ndivyo ilivyofanyika mwaka 2008 katika wilaya za Apac na Oyam, kaskazini mwa Uganda. Wakulima na wasafirishaji wa mazao yasiyotiwa dawa walikwenda mahakamani, wakihofia kwamba DDT itafika katika mazao yao na wanunuzi wa Ulaya watayakataa, na kazi ikasimamishwa. Mama mwenye mtoto mgonjwa na mkulima mwenye ufuta wake walikuwa na hofu mbili tofauti, na zote zilikuwa za haki. Swali lililowekwa mbele ya hakimu, la nani anyunyize, wapi, kiasi gani na kwa idhini ya nani, lilikuwa karibu sawa na lile ambalo Bibi Carson alilipeleka mbele ya kamati ya Senate mwaka 1963.

Nusu ya majivu yake ilizikwa kando ya kaburi la mama yake huko Maryland. Nusu nyingine, rafiki yake Dorothy Freeman aliitawanya baharini huko Southport, mbele ya miamba ambako wawili hao walizoea kukaa maji yanapokupwa.